UZI: Tunahamishia Steam (duka la gemu la mtandaoni) zana yetu ya kutengenezea gemu, lakini waliotuchangia wengine hawataweza kuifungua huko

#1 mwanzisha_uzi

Wadau, hamjambo. Jambo hili nimekaa nalo kifuani wiki kadhaa, na leo naliandika lote kwa sababu najua humu kuna watu wanaotengeneza gemu Ngara, Rongai, Kasarani na kwingineko, na wengi wenu siku moja mtafika hapa tulipofika sisi. Jina la zana silitaji. Sikuja kuuza.

Sisi ni watatu, tunafanyia kazi kwenye chumba kimoja Umoja Innercore, Nairobi. Zana yetu inamwezesha mtu kutengeneza gemu kwa Kiswahili bila kuandika msimbo. Unapanga vipande kwenye skrini hadi visomeke kama sentensi: "Sungura akigusa karoti, ongeza alama moja." Miezi miwili ilituishia kwenye neno hilo moja tu, "akigusa". Mtoto wa kwanza aliyeijaribu aliweka mpira mahali pa sungura, na skrini ikaandika "Mpira akigusa ukuta". Akaitazama, akacheka, akasema, "Hii imekosea." Alisema kweli. Ikabidi kila kitu kinachoingizwa kwenye gemu kiwe na ngeli yake, mpira "ukigusa", gari "likigusa", kiatu "kikigusa". Nasimulia haya ili mjue pesa za watu zilienda wapi.

Maana pesa hazikuwa zetu. Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, haimpokei mtu aliye Kenya kuanzisha kampeni, kwa hivyo tulifanya harambee: paybill ya M-Pesa, kundi la WhatsApp, na daftari la mistari ambalo bado liko mezani hapa. Walichanga watu 212. Kuna aliyetuma shilingi 50 akaandika "nitaongeza mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi akaongeza kweli. Tukaahidi kwa maandishi kwamba anayechanga kuanzia 500, zana ni yake pamoja na masasisho yote yatakayokuja. Sentensi hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Mbona tunaenda Steam basi? Kwa sababu tumeuza kadiri tunavyoweza kuuza kwa kupeana viungo kwenye WhatsApp. Mtu aliye Toronto au Muscat anayetaka mtoto wake acheze na Kiswahili hatafuti paybill. Anatafuta mahali ambapo kadi yake ilishaandikishwa. Tena watu wanaonunua zana za gemu wamezoea kuzikuta huko: GameMaker iko, RPG Maker iko, Aseprite iko, hata Godot ambayo ni ya bure unaipata Steam. Spriter, ile ya kuchezesha michoro, ilianza kwa michango ya Kickstarter mwaka 2012 na baadaye ikauzwa Steam. Njia ilishakanyagwa.

Sasa gharama, kwa wale mtakaopita hapa. Ada ya kuingiza bidhaa moja ni dola 100. Unarudishiwa bidhaa yako ikishaingiza dola 1,000. Mfumo huo unaitwa Steam Direct, ulianza Juni 2017 ulipochukua nafasi ya Greenlight, ule wa kupigiwa kura. Ukilipa ada kwa mara ya kwanza unasubiri siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuitoa bidhaa, na ukurasa wako lazima uwe umekaa wazi wiki mbili kama "inakuja". Duka linakata asilimia 30 ya mauzo. Hayo yote yameandikwa wazi na hatuna ugomvi nayo.

Kilichotuumiza ni kupakia. Hili naomba mlisome polepole.

Zana yetu ina picha, sauti na mifano ya gemu, jumla kama giga moja na nusu. Sisi kwa ujanja wetu tulikuwa tumevibana vyote ndani ya faili moja kubwa. Sasa Steam inapopokea mzigo wako, inaukatakata vipande vya takriban megabaiti moja, na ukirudi na sasisho inachukua vipande vilivyobadilika peke yake. Ni mpango mzuri sana kwa mtu wa bando. Lakini faili likibanwa lote kwa pamoja, ukigusa picha moja ndogo, kila kitu kinachofuata ndani yake kinabadilika. Kwa hivyo tulirekebisha herufi moja kwenye somo la kwanza, tukapakia upya giga yote. Tukarekebisha sauti ya jogoo, giga yote. Usiku wa tatu stima ilipotea saa nane kasoro, mzigo ukiwa umefika asilimia themanini na kitu, na nikakaa gizani nikisikiliza feni ya laptopu ikizunguka kwa betri huku ruta imezima.

Asubuhi yake mwenzangu alifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzoni. Akaligawa lile faili: picha za kila mfano kando, sauti kando, maandishi kando, bila kuvibana pamoja. Sasisho lililofuata lilikuwa megabaiti nne. Na huyu aliyenunua naye, awe Kitengela au Muscat, atapakua nne hizo hizo. Nikawaza ni watu wangapi tungewamalizia bando kwa uvivu wetu.

Sasa ndipo nifike kwenye kinachoninyima usingizi.

Mpango ulikuwa kila mchangiaji apewe ufunguo wa Steam. Duka halitozi kitu kwa funguo hizo, unaziomba, unawatumia watu wako, wanaziingiza kwenye akaunti zao. Tukapeleka ujumbe wa kuuliza nani anataka. Majibu yakaanza kuja, na jibu la nne lilikuwa la mwalimu mmoja: "Asante sana, lakini kompyuta zetu ni Windows 7. Itakubali?"

Haikubali. Ufunguo unahitaji programu ya Steam iwe kwenye kompyuta, na Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Zana yenyewe inafanya kazi vizuri kwenye mashine hizo, tuliitengeneza makusudi iwe hivyo, tulikuwa tunaijaribia kwenye laptopu kuukuu ya Luthuli yenye giga mbili za kumbukumbu. Mlango ndio haumpitishi.

Nikapitia daftari jina kwa jina. Kuna wa Windows 7. Kuna wanaotumia saiba, ambapo mwenye saiba hawezi kukubali Steam ikae kwenye mashine zake. Kuna mama mmoja aliyemchangia mwanawe na laptopu yao haiingii intaneti kabisa, mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea zana kwa flashi hadi stendi ya Donholm. Hawa ndio waliotubeba wakati hatukuwa na kitu cha kuonyesha.

Tumebakiza wiki tatu. Wenzangu wawili wanasema toleo la nje ya duka tulifunge, tubaki na moja, kwa sababu kutunza mawili kutatushinda. Mimi siwezi kulala na hilo. Nishaurini.

#2 pikseli_ya_rongai

Pole kwa safari, na hongera. Hilo la kugawa faili nimeliandika mahali, sisi pia tunabana kila kitu.

Swali langu ni kwa nini Steam moja kwa moja? Kuna itch.io, duka jingine la mtandaoni, mwuzaji anajiamulia mwenyewe duka lichukue asilimia ngapi, usipogusa ni kumi. Mnunuzi anapakua faili na kwenda zake, hakuna programu ya kusakinisha kwanza. Huyo mwalimu wa Windows 7 angekuwa ameshamaliza.

#3 mwanzisha_uzi

Tuko huko pia, tangu mwaka jana. Kwa kumfikishia mtu faili ni pazuri, sina neno. Ila wanaokuja kule wengi ni watengenezaji kama sisi, na mzazi anayetafutia mtoto hajui pako. Lakini umenigusa kwenye jambo moja: nilikuwa nawaza toleo la nje ya duka kama mzigo wa pili, kumbe mahali pa kuliweka tunapo tayari.

#4 mwalimu_wa_kayole

Mimi ndiye wa Windows 7.

Nilichanga shilingi elfu moja. Sikuchanga ili nipate bidhaa, nilichanga kwa sababu nilichoka kuwaona watoto wa darasa la sita wakibonyeza vitufe wasivyojua vinasema nini. Tuna kompyuta kumi na moja, nane zinawaka. Wafadhili walizileta zikiwa zimeshatumika, na siwezi kuzibadilisha mfumo, nyingine zikiwekwa Windows 10 zinakaa dakika kumi kuamka na kipindi kizima ni dakika thelathini na tano.

Klabu yetu inakutana Jumatano. Watoto wametengeneza bao la mashimo kumi na sita, na msichana mmoja ametengeneza gemu ya makanga wa matatu anayehesabu chenji. Aliweka sheria kwamba abiria akipewa chenji pungufu, anapiga kelele "Shukisha!" na unapoteza alama. Gemu hiyo tuliihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa flashi, darasa zima likacheza.

Nendeni Steam. Kweli kabisa, nendeni, mtafute riziki yenu. Ninachoomba ni msinifungie faili. Hata msiponiletea masasisho mapya, hili nililonalo liendelee kufunguka.

#5 mwanzisha_uzi

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma na nimemwonyesha kila mmoja hapa chumbani. Faili lako halifungwi. Hilo limekwisha leo, hata kabla hatujaamua mengine. Na huyo msichana wa chenji, ukimwona mwambie tunataka kuicheza.

#6 nauza_huko_tayari

Nina gemu moja ndogo Steam, kwa hivyo niongeze ninayoyajua kwa kuyapitia, maana hapo juu umegusa asilimia 30 ukaishia hapo. Kuna asilimia 30 nyingine.

Ukijisajili utajaza fomu ya kodi ya Marekani, mtu binafsi ni W-8BEN. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mauzo yaliyofanyika Marekani yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 30. Ukiuza kwa dola 10 kwa mtu wa Chicago, duka linachukua 3, zinabaki 7, kodi inachukua 2.10, inakufikia 4.90. Ukimwuzia mtu wa Berlin au wa Nairobi, zuio hilo halikuhusu. Unapopanga bei fikiria wanunuzi wako wako wapi. Na kodi ya huku Kenya, ya KRA, ni mambo mengine, tafuta mhasibu mapema, usingoje mwezi wa sita.

La pili ni jina. Jina kwenye fomu, kwenye kitambulisho na kwenye akaunti ya benki liwe lile lile, herufi kwa herufi. Mimi benki yangu ilikuwa imeandika jina langu la ukoo bila "h". Miaka sita hakuna aliyejali. Pesa ya kwanza ikarudi ilikotoka, na nilihangaika wiki tano kwenye foleni kurekebisha herufi moja. Kisha kuna makato ya benki za katikati kila pesa inapovuka, usishangae ukipokea pungufu. Duka lenyewe halitumi chochote hadi ufikishe dola 100.

La tatu litakuuma. Hao watu 212 unaowapa funguo, wakiandika tathmini, tathmini zao zinaonekana lakini hazihesabiwi kwenye alama ya bidhaa. Iko hivyo tangu Septemba 2016, anayehesabiwa ni aliyenunua pale pale dukani. Na alama haitokei hadi wapatikane kumi wa namna hiyo. Watu wanaokujua zaidi hawataweza kukusaidia hapo. Usiwaombe wanunue tena ili wahesabiwe, wengine watakubali kwa kukupenda, na haitakuwa haki kwao.

#7 mwanzisha_uzi

Hilo la tatu sikulijua. Kwenye kundi kuna watu walishasema "tutakupigia debe huko". Itabidi niwaeleze, na sitawaomba wanunue.

Jina nimekwenda kuangalia sasa hivi. Fomu tulijaza kwa jina la biashara, akaunti ni yangu binafsi. Asante, umetuokoa wiki tano.

#8 stima_na_bando

Ninyi wote mnaongea kuhusu kuingiza zana. Mimi nauliza kuhusu gemu zinazotoka ndani ya zana. Ukishaingia Steam utashawishika kuweka Workshop, mtu anabonyeza kitufe na gemu yake inaonekana na wote. Ni nzuri kuitazama. Lakini akaunti ya Steam ambayo haijatumia angalau dola 5 dukani ina mipaka, na mmojawapo ni kwamba haiwezi kupeleka kitu Workshop. Mtoto aliyeingia kwa ufunguo wa harambee hajatumia kitu dukani. Kwa hivyo wa Toronto ataonyesha gemu yake, na msichana wa chenji hataonyesha.

Na andikeni waziwazi kwamba gemu ni mali ya aliyeitengeneza. Septemba 2023 Unity, wenye zana kubwa ya kutengenezea gemu, walitangaza ada ya kulipisha kwa kila gemu inayosakinishwa, watengenezaji wakapiga kelele dunia nzima, na mwaka mmoja baadaye ikafutwa. Tangu hapo mtu akishika zana mpya swali lake la kwanza ni: kesho mtanibadilikia?

#9 pikseli_ya_rongai

#8 kweli. Na bei mkumbuke Steam haionyeshi shilingi, Mkenya anaona dola. Kulipa siku hizi si tatizo kubwa, ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay ipo tangu 2022, lakini mzazi akiona dola anafikiri si ya kwake.

#10 mwanzisha_uzi

Wadau, nimerudi. Tumekaa jana kuanzia saa tatu usiku hadi saa saba, tumebishana sana, na nataka muone tulipofika na sababu zake.

Wenzangu hawakuwa na roho mbaya. Hofu yao ni ya kweli: matoleo mawili ni makosa mara mbili, na sisi ni watatu. Mmoja wao ndiye anayepokea simu zote za "imekataa kufunguka", na alinionyesha simu yake, Jumapili moja alipigiwa mara kumi na nne. Kwa hivyo swali halikuwa tunawapenda wachangiaji kiasi gani. Swali lilikuwa kazi ya ziada ni kiasi gani hasa, na nani ataifanya.

Tukafungua msimbo tukaangalia. Steam hailazimishi zana yako kuitegemea. Kufuli la kuzuia kunakiliwa ni hiari, na hata kuunganisha na huduma zake ni hiari. Kinachotegemea Steam kwetu kilikuwa kitufe kimoja tu cha Workshop ambacho bado hakijakamilika. Tukikitoa, faili linaloenda dukani na linaloenda kwenye flashi ni lile lile, halipishani hata baiti. Kumbe hakukuwa na matoleo mawili. Ilikuwa bidhaa moja yenye milango miwili, na sisi tulikuwa karibu kutengeneza ya pili kwa sababu ya kitufe.

Kitufe tumekitoa. Gemu ikikamilika zana inaiweka kwenye folda moja iliyofungwa, unaipeleka kwa flashi, WhatsApp, popote. Itaendelea hivyo. Imeniuma kidogo, nilikuwa nimeichora picha ya kile kitufe mwenyewe.

Kwa wachangiaji: kila mmoja wa 212 anapata ufunguo na kiungo cha faili, vyote viwili, bila kuulizwa achague. Hata waliochanga chini ya 500. Huyo wa shilingi 50 tulipomfikia kwenye daftari hakuna aliyebisha. Masasisho ya mlango wa pili yatatoka mara moja kila miezi mitatu na si kila wiki, hapo ndipo tulipompunguzia mwenzetu simu. Wa Windows 7 wataendelea kupata hadi siku tutakayoshindwa kabisa kwa sababu ya injini tunayotumia, ile programu ya msingi iliyobeba zana yetu, na siku hiyo toleo lao la mwisho litabaki palepale, halitaondolewa.

Kwenye mkataba wa matumizi tumeandika aya moja kwa Kiswahili cha kawaida: gemu uliyoitengeneza ni yako, unaweza kuiuza, hatukudai kitu, na masharti ya toleo ulilonalo hayabadiliki baada ya wewe kulipata. Mwenzangu alitaka tuitie maneno ya kisheria, nikamwomba kwanza amsomee mama yake kwa simu. Mama akaelewa. Tumeiacha.

Bei bado. Tunapima kati ya dola nane na kumi na mbili, na hesabu ya #6 tumeibandika ukutani. Tumekumbuka pia kwamba mnunuzi anaweza kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ikiwa ameitumia chini ya saa mbili, na zana yetu somo la kwanza lilikuwa linachukua karibu saa mbili kabla hujaona kitu kikitembea kwenye skrini. Hilo tunalibadilisha wiki hii. Mtu afungue, na ndani ya dakika tano sungura aruke.

Ukurasa wa duka wenyewe umetusumbua kwa njia ambayo sikuitarajia. Steam haina Kiswahili katika lugha za duka lake, kwa hivyo maelezo tumeandika kwa Kiingereza. Lakini picha ya kwanza kabisa mtu atakayoiona ni ile sentensi, kubwa, kwa rangi zetu: "Gari likigusa ukuta, punguza alama moja." Neno "likigusa" liko kwa rangi yake peke yake. Tulijaribu picha saba nyingine zenye gemu zinazong'aa, tukarudi kwa hii.

#11 mwalimu_wa_kayole

Marahaba. Msichana nimemwambia. Amesema gemu haijaisha, bado anaweka kituo cha Mutindwa. Nitaituma Jumatano.

#12 nauza_huko_tayari

Jambo moja la mwisho kabla hamjatoa. Ukishapakia toleo, halijiweki hewani lenyewe kwenye tawi kuu, lile wanalopata wanunuzi wote, lazima uingie ubonyeze. Mimi nilitangaza sasisho saa nne asubuhi, watu wakawa wanafungua toleo la zamani hadi jioni.

#13 mwanzisha_uzi

Nimeandika ukutani chini ya hesabu yako.

Ujumbe umeshawafikia watu 181. Wengine 31 namba zao hazipatikani au zimebadilika. Daftari lina majina na mtaa, na wengi ni wa hapa hapa, Umoja, Kayole, Dandora. Kesho saa tatu naanza na wale wa Dandora kwa miguu, nina flashi tano mfukoni. Nikimaliza nitaandika hapa.